Unavuta sigara na unanyonyesha? Usimwachishe ziwa kwanza

Hii nawaandikia wenzangu wanaoogopa kuuliza kliniki. Mwanamke akisema tu anavuta sigara watu wanamkodolea macho, akiongeza kwamba ananyonyesha ndo kabisaa, kwa hiyo wengi tunakaa kimya tunajiamulia wenyewe, na kinachokuja haraka kichwani ni bora nimwachishe nimnunulie maziwa ya kopo. Jamani hapana. Maziwa yako, hata kama unavuta, bado yana kinga ambayo kopo halina, na mtoto anayeishi na mvutaji ndo anaihitaji zaidi. Mimi nilibahatika kupata nesi mtu mzima, alinivuta pembeni akaniambia mwanangu wewe nyonyesha, sigara tutapambana nayo taratibu.

Sasa sisemi haina madhara. Nikotini inaingia kwenye maziwa, tena humo inakuwa nyingi kuliko ilivyo kwenye damu yako. Mtoto anasinzia vipande vipande, anashtuka analia, nyumba nzima inasema ni chango. Halafu inapunguza ile homoni ya kutengeneza maziwa, prolaktini. Mama mkwe wangu alikuwa ananipikia uji wa pilipili manga asubuhi, mtori mchana, jioni supu, na maziwa bado ya kusuasua, masikini hakujua kwamba huku nyuma ya bafu kuna kitu kinambomolea kazi yake.

Kilichonisaidia ni kupangilia. Nikotini kwenye maziwa inashuka nusu kwa kama saa moja na nusu, kwa hiyo nyonyesha kwanza, ndo uvute, halafu ukiweza yapite masaa mawili matatu kabla ya kumpa tena. Ila akilia njaa mpe, usimwache alie eti unahesabu saa. Vutia nje kabisa. Mimi nilikuwa na dera moja la sigara tu, nikirudi nalivua linabaki kwenye kamba, nanawa mikono na uso kwa sabuni, najifunga khanga safi ndo nambeba, maana moshi unaganda kwenye nguo na nywele na yeye pua yake iko hapo hapo kifuani.

La kulala ndo gumu kwetu, kitanda kimoja neti moja wote humo. Ila kama wewe au baba yake mnavuta, mtoto asilale nanyi godoro moja, hata kama mnavutia nje, hatari ya kufa ghafla usingizini inapanda. Tafuta vile vineti vya mwavuli, kigodoro chake kigumu, umlaze chali chumba hicho hicho karibu yako, ukishamaliza kumnyonyesha usiku unamrudisha. Mbona inawezekana.

Shisha nayo ni tumbaku, msidanganyane na harufu ya tofaa (na hapa Tanzania ilishapigwa marufuku tangu 2016 ila mnajua wenyewe mnakoipata). Ugoro hauna moshi lakini nikotini ni ile ile, inaingia kwenye maziwa vile vile. Kuacha kabisa ndo bora, ukishindwa punguza, kila moja unayoruka ni nafuu kwa mtoto, na kama unataka chingamu za nikotini muulize daktari kwanza.

Na nyie kina baba mnaovutia dirishani mkidhani moshi wote unaenda kwa jirani, tokeni nje.