Barua kwa mwanangu anayetaka kuikimbia baridi kwa gari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Buruburu. Ujumbe wako niliusoma asubuhi, nikaurudia jioni nikiwa nimejifunika blanketi, kwa sababu baridi ya mwaka huu imebisha hodi mapema. Unaniuliza kama hiyo Hiace yenye kitanda uliyoonyeshwa kule Grogan inafaa kununuliwa, na kama mtu anaweza kuihama Nairobi kuanzia Juni hadi Agosti, akaishi ndani ya gari kando ya bahari na kufanya kazi yake kwa kompyuta, mke na mtoto wakiwa papo hapo. Unasema Wakanada na Wamarekani wa kaskazini hufanya hivyo kila mwaka: theluji ikianza wanashuka na magari yao ya kulala hadi Florida na pwani ya Texas, ikiyeyuka wanarudi makwao.

Hiace siijui. Magari aliyajua marehemu baba yako, naye angelala chini ya hiyo gari kabla hajasema neno na mwenye gari. Ukitaka jibu la injini mtafute fundi wake wa zamani, bado yuko pale pale Kirinyaga Road.

Baridi naijua. Nakubaliana nawe kabisa kwamba Julai ya Nairobi ni adhabu. Usiku tunateremka hadi nyuzi 10 au 12, jua linaweza kupotea wiki nzima, na magoti yangu yanajua kabla ya redio. Mombasa siku hizo hizo mchana ni 27 au 28, na usiku hushuka hadi 20 hivi. Ila uende ukijua bahari utakayoikuta si ile ya Desemba. Juni mvua za masika kule huwa bado hazijakauka. Kusi inavuma, mawimbi yanavunjika kwenye mwamba mchana kutwa, na wavuvi wa mitumbwi midogo wanakaa nchi kavu wakishona nyavu. Watu wa Pwani wanaita majira hayo kipupwe, na utawaona wamevaa masweta asubuhi.

Na hao Wamarekani wako, umetazama wanalala wapi? Kule kuna viwanja vilivyotengenezwa kwa magari hayo. Unaegesha, unachomeka umeme, unaunganisha mpira wa maji, na pana shimo maalumu la kumwaga uchafu wa choo cha gari. Hapa kwetu sehemu za kupiga kambi zipo, Tiwi, Diani, Watamu, Kilifi, lakini si nyingi, na shimo la namna hiyo usitegemee kulikuta. Umeniandikia aya nzima ya paneli za sola. Ya choo hukuandika. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana nepi ngapi kwa siku, mwanangu? Nazo utazipeleka wapi?

Haya, hata hayo ya choo yana dawa. Linalonisumbua ni lingine: utalala kwa nani? Najua utasema, "Mama ameanza." Nimeanza, ndiyo. Usilaze kichwa mahali ambapo hujasalimia mtu. Tangu mko wadogo mnanisikia nikisema hivyo, na dada yako anaweza kuyatamka hayo maneno kwa sauti yangu, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza yalikotoka. Wewe ulikuwa na miaka minne, huwezi kukumbuka.

Ilikuwa likizo ya Agosti, 1994. Ile Kombi baba yako alikuwa ameinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, yenye kitanda cha mbao nyuma na dirisha la kufungua juu. Tulilala Makindu, pale kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, ambako msafiri yeyote anakula bure, na wewe ulikula chapati mpaka ukalala na kipande mkononi. Kesho yake tukasimama Mackinnon Road kwenye ule msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali. Baba yako, Mpresbiteri wa damu, alishuka akasimama kimya kidogo kama madereva wa malori, akarudi kwenye usukani. Sikumuuliza.

Likoni ndipo nilipoogopa. Miezi minne tu ilikuwa imepita tangu feri ya Mtongwe izame, Aprili 29, watu zaidi ya 250 wakafa asubuhi wakienda kazini. Nilikataa kuvuka nikiwa nimekaa ndani ya gari. Nilisimama kwenye sitaha, wewe mgongoni, dada yako nimemshika kwa sweta, mpaka upande wa pili. (Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, unaingia Kwale bila kupanda feri. Kwa hilo nashukuru.)

Tulifika ufukweni jioni. Sitasema ilikuwa karibu na hoteli gani. Palikuwa na uwanja wa mchanga mgumu chini ya minazi, nje ya ukuta wao, na lori kubwa la watalii lilikuwa limeegeshwa pale, wazungu vijana wamefunga kamba za nguo na mahema yao. Tukaona basi hapa ndipo watu hulala. Baba yako akaweka Kombi mbali nao kwa heshima. Mimi nikatoa jiko la gesi, nikabandika sufuria, maji yakachemka, nikaanza kusonga ugali. Unga ulikuwa ndiyo kwanza umeshikana.

Askari wa hoteli akaja na kurunzi na rungu. Hakutusalimia. Alimulika namba ya gari, akammulika baba yako usoni, akasema, "Hapa ni pa wageni. Ondoeni gari."

Baba yako akamuuliza, kwa upole, unamjua alivyokuwa, "Na wale?"

"Wale ni wageni."

"Na sisi ni akina nani?"

Yule kijana hakujibu. Nadhani hakuwa na jibu, na mwaka huo hakuna aliyekuwa nalo. Alisimama tu akatumulikia mpaka tukafungasha. Wale wazungu walitutazama, mmoja akatupungia mkono. Niliiepua ile sufuria ugali haujaiva, nikaifunga kwa taulo, nikaipakata mapajani ikiunguza, tukaondoka. Baba yako aliendesha kuelekea Msambweni bila kusema kitu. Dada yako alikuwa analia njaa. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya uji mzito gizani, na nilijisikia mgeni ndani ya nchi niliyozaliwa. Miaka yote hii, mwanangu, na nikiandika hapa mkono bado unakaza.

Mwaka 2010 katiba mpya ilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwenye kifungu cha 62. Kimeandika kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Nilimsomea baba yako kwa sauti akiwa anakunywa chai. Akasema, "Sawa, na njia ya kufika hapo ni ya nani?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Ukuta ukishajengwa toka barabarani mpaka majini, mchanga wa umma unaufikia kwa mashua.

Lakini sikutaka kukuandikia habari za yule askari peke yake. Tulipofika mbele, karibu na bandari ndogo ya wavuvi, baba yako alipunguza mwendo akitafuta pa kuegesha. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye ngalawa iliyopinduliwa. Baba yako akashuka, akaenda mpaka alipo, akamwamkia shikamoo, akamweleza. Mzee akatazama mwezi, ulikuwa mpevu, akasema, "Hapo chini msilale. Leo bamvua. Maji yatafika penye mnazi ule." Kisha akauliza, "Kwani mmekuja kwa nani?"

Baba yako akasema hatujaja kwa mtu.

"Basi mmekuja kwangu," akasema.

Tuliingiza Kombi uani kwake chini ya mwembe. Mkewe akanikuta nimeshuka na sufuria yangu, akafungua taulo, akatazama ndani. Hakuuliza kitu. Aliichukua, akaibandika kwenye mafiga, akachochea kuni, akausonga ule ugali upya mpaka ukaiva, mimi nimesimama tu pembeni yake. Tukaula na tafi wa kuchoma na ndimu. Karibu na alfajiri niliamka nikasikia bahari iko karibu kuliko nilivyodhani, na asubuhi mstari wa takataka za maji ulikuwa umeupita ule mnazi kabisa.

Tulikaa pale mpaka likizo ikaisha. Ndiyo maana nasema: usilaze kichwa mahali ambapo hujasalimia mtu.

Sasa najua utakachonijibu, kwa sababu mimi mwenyewe nimejijibu hivyo mara nyingi usiku. Agosti 1997, miaka mitatu tu baadaye, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na watu wa bara waliokuwa wakiishi kule wakauawa na wengine kwa maelfu wakakimbia, ua wa kanisa la Likoni ukajaa magodoro na sufuria. Hao walikuwa wamesalimiana na majirani zao kila siku kwa miaka. Salamu iliwasaidia nini? Nilimuuliza baba yako swali hilo na hakunijibu upesi. Alisema fujo zile zilipangwa na watu wakubwa waliotaka kura, hazikutoka kwenye mwembe wa mzee yule. Naamini hivyo. Lakini pia naamini kwamba mtu aliyekuwa anakimbia usiku ule hakuwa na nafasi ya kuuliza nani amepanga. Kwa hiyo nasema salamu, halafu najikuta nasema salamu haitoshi, halafu nakumbuka yule mama na kuni zake narudi pale pale. Mzee alimtumia baba yako barua mwezi wa kumi mwaka ule akiuliza kama sisi tuko salama, huku yeye ndiye aliyekuwa karibu na moto. Sijui niiweke upande gani wa mizani.

Wewe unafikiri gari litakuondolea shida hiyo. Umeandika, "Tukichoka mahali tunawasha injini." Hilo ndilo neno lililonichoma katika ujumbe wako. Mtu anayeweza kuondoka wakati wowote hana haja ya kujua jina la mwenye uwanja, na mwenye uwanja naye hana haja ya kukuambia habari za bamvua.

Kuna mambo ambayo sibishani nawe hata kidogo. Jiko la makaa lisiingie ndani ya hiyo gari, hata mvua ikinyesha namna gani; kila msimu wa baridi hapa Nairobi tunasikia watu waliolala na jiko wakafunga madirisha, wasiamke. Gesi pia, pikia nje, na mtungi ukae nje. Mtoto huyo amezaliwa Nairobi, malaria haijui, na damu yake haina kinga ya Pwani. Chandarua chenye dawa kila usiku, kimeingizwa chini ya godoro, na akipata joto mwilini apimwe siku hiyo hiyo, usingoje kesho ukidhani ni meno. Chumvi ya bahari inakula chuma, basi chini ya gari paoshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki. Na usiingize magurudumu kwenye mchanga laini kwa sababu umeona nyayo za gari lingine.

Dada yako anasema nikuambie usiende. Mjomba wako anasema uende, ujana hauji mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshaandika jibu langu hapa, mistari mitatu mizuri, nimeifuta. Nimeiandika tena nimeifuta tena. Jibu ninalo, mwanangu, na linanikereketa kooni, kwa sababu wewe ni mtu mzima na gari utalinunua kwa pesa zako.

Ila kuna jambo nimeliona katika ujumbe wako. Umetaja injini, betri, paneli, intaneti, bei ya mafuta mpaka Mtito Andei, umetaja mpaka rangi ya mapazia. Mkeo umemtaja mara moja tu, kwenye orodha ya watakaolala humo. Yeye ndiye atakayepika kando ya hiyo gari upepo wa kusi ukimzima jiko, na yeye ndiye atakayempakata mtoto mkifukuzwa mahali saa tatu usiku. Amesema nini? Mwambie anipigie simu mwenyewe Jumapili baada ya ibada, wewe usiwe karibu. Nikimaliza kuongea naye, nitakutumia ile mistari mitatu.

Mbusu mtoto.

Mama yako