Jibu: Bawa la popo na la ndege, asili moja au la?

Salaam mkuu. Nimekuelewa: kitabu kimoja kinasema bawa la popo na la ndege yana asili moja (yaani yametoka kwa babu mmoja), kingine kinakana. Vyote viko sahihi, ila vinajibu maswali mawili tofauti.

Anza na mifupa, kazi ya kiungo iache kwanza. Wanafunzi wangu huwa nawachoresha yote mawili sambamba, kuanzia begani: mfupa mmoja, kisha miwili, vifupa vya kifundo, halafu vidole. Mpangilio huo anao popo, ndege, nyangumi, hata wewe. Kama mikono, basi, asili ni moja.

Sasa tazama bawa lenyewe. Popo ametandaziwa ngozi kwenye vidole vinne virefu ajabu, na gumba limebaki huru na ukucha wake. Ndege amebakiwa na vidole vitatu, sehemu yake imeungana, na kinachombeba hewani ni manyoya. Babu yao wa pamoja, wa zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, alitembea kwa miguu minne, hakuruka. Kwa hiyo mabawa yalizuka mara mbili, kila upande kivyake. Kipepeo usimwingize humo kabisa, hana mfupa hata mmoja.

(Cha kuchekesha, Richard Owen, mwanaanatomia Mwingereza aliyetenganisha mfanano wa asili na mfanano wa kazi mwaka 1843, baadaye alimpinga Darwin, yule wa nadharia ya mageuko.)

Kwenye mtihani taja unalinganisha nini, mkono au bawa. Bila hivyo alama zinaondoka.