Mbona mkono wa dirishani umezeeka kuliko mwenzake?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi dereva, mwaka wa 11 huu niko barabarani kutwa na vioo nafunga sababu ya vumbi. Sasa mkono ulio upande wa dirisha umekuwa mweusi kuliko mwenzake, una madoadoa, na shavu la upande huohuo nalo hivyohivyo. Jua linanipataje na kioo nimefunga? Halafu ngozi yangu nyeusi tii, jamaa wanasema losheni za jua ni za wazungu tu.

JIBU: Ndugu yangu, hicho kioo kinakudanganya. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inayotufikia iko ya aina mbili, UVB ndo inayobabua ngozi na kioo kinaizuia karibu yote, ndo maana husikii kuungua, ila UVA inapita kioo cha pembeni bila hodi, inazama ndani ya ngozi na kuharibu kolajeni, zile nyuzi zinazofanya ngozi ukiivuta irudi. Hebu finya ngozi ya mgongo wa kila kiganja uachie, uone upi unachelewa kurudi. Kuna dereva wa lori Marekani, picha yake ilitoka kwenye jarida la madaktari 2012, miaka 28 kwenye usukani, shavu la kushoto, ndo upande wa dirisha la dereva kule, makunyanzi matupu, la kulia kama la mdogo wake.

Kuhusu weusi, melanini, ile rangi inayofanya ngozi iwe nyeusi, inasaidia kweli na saratani ya ngozi ya jua ni nadra kwa watu weusi, lakini madoa hayo haizuii, tena ngozi nyeusi ndo inashika madoa haraka. Na usije ukakimbilia krimu za kuchubua, utajuta.

Losheni chukua ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kukinga jua) iliyoandikwa inakinga UVA na UVB, hiyo inazuia kama asilimia 97 ya UVB na ya SPF 50 ni 98, kwa hiyo usijikamue mfuko bure. Shida yake ni kupaka upya kila masaa mawili, na dereva gani atakumbuka? Mi ningevaa tu shati la mikono mirefu, losheni iwe ya uso na shingo.

Ila doa likibadilika umbo au kidonda kikagoma kupona mwezi mzima nenda hospitali, na uangalie pia nyayo na chini ya kucha, maana melanoma, saratani kali ya ngozi, kwa watu weusi hupenda kujificha hukohuko ambako jua wala halifiki.