Kabla ya barua ya kuacha kazi, subiri masika

Kila ikifika Julai napigiwa simu na vijana niliofanya nao kazi hotelini. Wageni wamejaa Unguja nzima, kutoka Nungwi hadi Jambiani, na kila kijana anataka kuacha kazi mwezi ujao awe msambazaji wa mboga mahotelini. Jibu langu huwa hilohilo: subiri masika yapite.

Mimi nilikuwa stoo, upande wa manunuzi. Sasa nawapelekea mahoteli tungule, matango na pilipili boga. Kuanzia Machi hadi Mei mvua zikishika, baadhi ya mahoteli hufunga kabisa wakakarabati, na oda zinazobaki ni za chakula cha wafanyakazi. Na miaka hii Ramadhani nayo imeangukia Februari na Machi, halafu Idi hiyo, watoto wanataka nguo. Kwa hiyo anza kidogo kidogo ungali na mshahara, siku zako za mapumziko, uione miezi hiyo kwa macho yako.

Lakini kinachowaangusha wengi ni deni. Hoteli nyingi hazilipi papo hapo. Watakwambia siku 30, na wapo wanaojivuta mpaka 60. Mkulima wa Kizimbani hakungojei, anataka chake mkononi. Piga hesabu: ukinunua mzigo wa shilingi 200,000 kila siku, mwezi ukiisha umeshatoa 6,000,000 na hujapokea hata senti. Huo ndio mtaji hasa, si gari wala mizani. Uweke mbali na fedha za chakula na ada za skuli, na ndugu wasiujue (samahani, lakini michango ya harusi haina huruma).

Karatasi hazisumbui sana: sajili jina la biashara BPRA (wakala wa usajili wa biashara Zanzibar), fuatilia leseni na risiti za ZRA (mamlaka ya mapato), maana mhasibu wa hoteli hakupokei bila risiti. Ungali kazini, pita ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uhakikishe michango yako imewasilishwa kweli. Ukishaondoka, kumfuata mwajiri kwa hilo ni taabu.

Notisi itoe kama mkataba unavyosema, na stoo ikabidhi vizuri. Bosi unayemuaga leo huenda akawa mteja wako wa kwanza. Wangu alikuwa hivyo. Ila hata yeye, siku za malipo ziandikwe na atie saini kabla hujashusha kreti la kwanza.