Nadella alifikaje pale: tazama viza zake kabla ya vyeti vyake

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo: Satya Nadella alitokaje kwenye uanafunzi wa kigeni hadi kuiongoza Microsoft, na je, kijana anayeanza mastaz Marekani leo anaweza kuipitia njia ileile? Ukataja pia kwamba una mchumba. Waliotangulia wamejibu kwa kipaji, nidhamu na unyenyekevu. Sibishani nao. Ila mimi nimeandika programu eneo la Seattle kwa miaka mingi, kwanza nikiwa chini ya viza, baadaye nikiwa meneja wa watu walio chini ya viza. Nikisoma wasifu wa mtu wa aina hii, macho yangu hukimbilia makaratasi: aliingia kwa ruhusa gani, mwaka gani, na foleni ilikuwa na urefu gani. Nusu ya jibu iko huko.

Kwanza tuondoe ile hadithi ya mtoto wa maskini, maana si yake. Nadella alizaliwa Hyderabad mwaka 1967. Baba yake, B. N. Yugandhar, alikuwa ofisa wa IAS, utumishi wa juu kabisa wa serikali ya India, na mama yake alifundisha Kisanskriti. Alisoma Hyderabad Public School, ambako walipita pia Shantanu Narayen wa Adobe na Ajay Banga, aliyeongoza Mastercard kabla ya kwenda Benki ya Dunia. Watatu hao wametoka shule moja! Huyu ni mtoto wa tabaka la wasomi waliojipanga vizuri. Kilichomshinda ni mtihani wa kuingia IIT, vyuo vya teknolojia vinavyogombewa sana India. Akaenda chuo cha Manipal kusoma uhandisi wa umeme, akamaliza 1988, kisha akavuka kwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, tawi la Milwaukee, kusomea sayansi ya kompyuta. Si Stanford wala MIT. Nimekaa upande wa wasaili mara nyingi, na naweza kukwambia kwamba jina la chuo husaidia kufungua barua pepe ya kwanza tu. Mtu akishakaa kazini miaka miwili hakuna anayekumbuka alisoma wapi.

Tena msimchanganye na kila bosi wa teknolojia aliyezaliwa nje. Jensen Huang wa Nvidia alifika Marekani akiwa mtoto wa miaka tisa, na Lisa Su wa AMD akiwa na mitatu. Hao walikulia kule. Anayefanana na Nadella ni Sundar Pichai wa Google: wote wawili walikwenda wakiwa watu wazima kusoma shahada ya pili, na wote walipitia mlango wa mwajiri. Swali lako linahusu mlango huo.

Baada ya muda mfupi kwenye kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems, Nadella aliingia Microsoft mwaka 1992. Kisa cha usaili wake mnakijua: aliulizwa angefanya nini akimkuta mtoto mchanga analia barabarani, akajibu angepiga 911, namba ya dharura, akaambiwa mtoto akilia unamnyanyua kwanza. Kizuri, lakini hakielezi kitu kuhusu alivyopanda.

Kinachoeleza ni kadi yake ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani.

Alipomuoa Anu, mwishoni mwa 1992, alikwama kwenye kipengele cha sheria ambacho mpaka leo kinawatoa watu jasho. Mke wa mkazi wa kudumu haingii Marekani kirahisi. Anasubiri nafasi kwenye foleni ya familia, foleni inayohesabiwa kwa miaka, na viza ya matembezi ananyimwa kwa sababu ofisa wa ubalozi anajua fika kwamba nia yake ni kuhamia. Wakati huohuo, mwenye viza ya kazi ya muda, H-1B, anaruhusiwa kuja na mwenzi wake moja kwa moja kwa viza ya H-4. Yaani mwenye hadhi ndogo ana haki kubwa zaidi ya kuishi na mkewe! Juni 1994 Nadella alikwenda ubalozi wa Marekani mjini Delhi, akarudisha kadi yake ya kijani na kuomba H-1B. Mwenyewe amesimulia kwamba pale Redmond, makao makuu ya Microsoft, alipata umaarufu kwa jambo hilo, yule jamaa aliyerudisha kadi.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama mapenzi. Mapenzi yapo, ila mimi naona hesabu. Alithubutu kwa sababu H-1B ilipatikana. Sheria ya 1990 iliweka kikomo cha viza 65,000 kwa mwaka, na miaka ile kikomo hicho kilikuwa hakijafikiwa. Kilijaa kwa mara ya kwanza mwaka wa fedha wa 1997. Mwajiri aliomba, mtu akapewa. Leo zipo 85,000 ukijumlisha zile 20,000 za waliosoma shahada za juu ndani ya Marekani, waombaji ni wengi mno kuliko nafasi, na majina huchaguliwa kwa kura ya bahati nasibu kila Machi. Mhandisi wa leo akirudisha kadi ya kijani kwa mtindo ule, wenzake wangemchukulia kuwa amerukwa na akili, na wangekuwa sahihi.

Sasa angalia upande wa pili. Mhindi aliyefika 1988 alikuwa na kadi kabla ya 1994. Hilo leo halipo. Sheria hairuhusu nchi moja kupata zaidi ya asilimia 7 ya kadi zinazotolewa kwa mwaka kupitia kazi, na India ina waombaji wengi kupindukia. Timu yangu ilikuwa na wahandisi kutoka Hyderabad na Pune, na kila mwezi taarifa ya viza ya Wizara ya Mambo ya Nje, inayoonyesha foleni imefika wapi, ilipotoka, kazi ilisimama kwa muda. Mwaka 2024 waliokuwa wakihudumiwa kwenye kundi la EB-2 (la wenye shahada za juu) la India ni walioingia foleni mwaka 2012. Mimi, kwa kuzaliwa Afrika Mashariki, nilikuwa kwenye kundi la "nchi nyingine zote", na kadi yangu ilitoka mapema kuliko ya watu waliokuwa wamenitangulia kazini kwa miaka mingi. Kwa kweli sikujisikia vizuri kuwaambia.

Foleni hiyo inakula vyeo, na hapa ndipo naomba uelewe vizuri. Kadi ya kupitia kazi huanza na hatua iitwayo PERM: mwajiri anatangaza nafasi, anathibitisha kwa Wizara ya Kazi kwamba hakupata Mmarekani anayefaa, na maombi yanafungwa kwenye kazi ile mahususi, na majukumu yale mahususi. Ukibadilishiwa kazi kwa kiasi kikubwa, mara nyingi PERM inaanza upya. Niliwahi kumpa mhandisi wangu bora nafasi ya kuongoza timu. Hakujibu siku hiyo. Alikwenda kwanza kwa mwanasheria wa uhamiaji. Aliporudi akakataa, kwa sababu kutoka uhandisi hadi umeneja kungemrudisha mwanzo wa makaratasi, na kampuni ilikuwa imeshatangaza kwamba inasimamisha maombi mapya kwa sababu ya punguzo la wafanyakazi. Cheo alipewa mtu mwingine, mzuri lakini si kama yeye. Kwenye kumbukumbu za ofisi iliandikwa kwamba "hana nia ya uongozi". Maneno hayo yalimfuata.

Linganisha na Nadella. Alihama kutoka Windows NT kwenda huduma za biashara ndogo, kutoka huko kwenda kwenye programu za biashara zilizokuja kuitwa Dynamics, kisha injini ya utafutaji iliyokuja kuwa Bing, halafu idara ya seva. Kila uhamisho ni kazi mpya yenye majukumu mapya. Alipokuwa akipewa utafutaji, Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alimwonya kwamba akishindwa hakuna pa kuangukia, na huenda hiyo ikawa kazi yake ya mwisho Microsoft. Akakubali. Mtu ambaye hadhi ya familia yake nzima inaning'inia kwenye ajira ile huwa hakubali ofa ya namna hiyo. Uthubutu ni tabia, ndiyo, lakini pia ni anasa ya mtu ambaye mambo yake ya uhamiaji yameisha.

Idara yenyewe nayo ina somo lake. Mwaka 2011 alikabidhiwa Server and Tools, ile idara ya seva. Kwa watu wa nje Microsoft ilikuwa Windows na Office. Seva zilikuwa chumba cha nyuma, ingawa ziliingiza pesa nyingi. Ng'ambo ya Ziwa Washington, Amazon ilikuwa imeanza kukodisha kompyuta kwa njia ya intaneti, yaani klaudi, tangu 2006. Azure, klaudi ya Microsoft, ilikuwa imefunguliwa kwa wateja mwaka 2010, na bado ilikuwa changa. Fikiria ugumu wa kisiasa: una idara inayouza leseni za seva kwa faida nono, na unawaambia watu haohao wajenge kitu kitakachomwondolea mteja sababu ya kununua seva. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo, kwa kiwango kidogo mno kuliko chake. Kila mtu anatikisa kichwa kukubali, kisha anarudi kwenye meza yake kulinda bajeti.

Na Azure isingeenda popote kama ingeng'ang'ania Windows peke yake, maana wateja wa klaudi walikuwa wakitumia Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta unaoshindana na Windows. Mwaka 2001 Ballmer aliiita Linux saratani. Mwaka 2014, jina Windows Azure likabadilishwa kuwa Microsoft Azure, na Oktoba Nadella akasimama mbele ya slaidi iliyosema kwamba Microsoft inaipenda Linux. Sisi tulioandika programu za seva tulicheka, kisha tukaanza kuchukulia jambo hilo kwa uzito.

Uongozi wenyewe aliupata tarehe 4 Februari 2014, wa tatu baada ya Bill Gates na Ballmer. Mengi ya baadaye yameandikwa vya kutosha: kununua LinkedIn kwa dola bilioni 26.2 mwaka 2016, GitHub kwa bilioni 7.5 mwaka 2018, bilioni moja ya kwanza kwa OpenAI mwaka 2019, na thamani ya kampuni kupita dola trilioni 3 mwanzoni mwa 2024. Si kila kitu kilinyooka. Miezi michache baada ya kuingia alitangaza kupunguza watu 18,000, wakiwamo takriban 12,500 wa upande wa simu za Nokia, ambao Microsoft ilikuwa imeununua, na mwaka uliofuata akafuta dola bilioni 7.6 kwenye vitabu kwa ajili ya Nokia hiyohiyo. Kumbukeni pia kwamba wakati ule mwenye H-1B akipoteza kazi sheria haikumpa hata siku moja ya kujipanga. Zile siku 60 za sasa zilianza Januari 2017. Oktoba 2014 aliwaambia wanawake kwenye mkutano wao wasiombe nyongeza, waamini mfumo utawalipa. Akapingwa vikali, akaomba radhi siku hiyohiyo.

Kuhusu ile falsafa yake ya kujifunza bila kukoma, nina mashaka kidogo. Kampuni niliyokuwa ilibandika mabango ya aina hiyo kila ukuta, na tathmini za mwisho wa mwaka zikabaki vilevile. Ninachomwamini zaidi ni anaposema kwamba mwanawe Zain, aliyezaliwa 1996 na mtindio wa ubongo na kufariki 2022, ndiye aliyembadilisha namna ya kutazama watu. Hilo hakulitoa kwenye semina.

Basi, njia ile leo? Ipo, ila imekuwa nyembamba. Mhitimu wa sayansi au uhandisi anapata jumla ya miezi 36 ya kufanya kazi kwa ruhusa ya mwanafunzi, hivyo anaweza kuingia kwenye kura ya H-1B zaidi ya mara moja. Septemba 2025 lilitoka tangazo la rais lililotaka dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya Marekani, kwa hiyo kuanzia shuleni, ndani, kuna uzito mkubwa kuliko zamani. Kwa mtu wa Afrika Mashariki foleni ya kadi ni fupi kuliko ya Mhindi, na bahati nasibu ya kadi ya kijani, ambayo Wahindi hawakuruhusiwa kuicheza, sisi tulikuwa tukiicheza mpaka iliposimamishwa mwishoni mwa 2025. Tunachokosa ni wale wenzao wa shule moja waliotangulia kukaa kwenye meza za juu. Ukifika, muulize mwajiri ataanza PERM lini, na jibu liwe kwa maandishi. Nimeona watu wakiahidiwa "mwaka ujao" mpaka miaka sita ya H-1B inakaribia kwisha.

Na kwa kuwa umetaja mchumba: mwenzi uliyefunga naye ndoa kabla kadi yako haijaidhinishwa anaweza kuipata kupitia maombi yako. Ukifunga ndoa baada ya kuidhinishwa, anaingia foleni ya familia iitwayo F2A, na viza ya matembezi atapata kwa shida. Akija kwa H-4, hawezi kufanya kazi mpaka hatua ya I-140, ombi la mwajiri la kukupatia kadi, ikubaliwe na yeye aombe kibali chake, na hata hilo liliruhusiwa mwaka 2015 tu. Mke wangu ni mhasibu, na alikisubiri kibali hicho akiwa nyumbani kwa muda mrefu kuliko tulivyoambiwa na mwanasheria. Mwambie mchumba wako hayo mapema, kabla hajaacha kazi.