Mwanza hadi Dar kwa ndege: usihesabu saa za angani peke yake

Dada, pole na kumuuguza mama. Umeuliza kama ndege ya saa nne asubuhi kutoka Mwanza itamuwahisha kliniki ya Muhimbili saa nane mchana siku hiyohiyo.

Kutoka uwanja wa Mwanza hadi Julius Nyerere ni kama kilomita 850 kwa mstari ulionyooka, wakati kwa barabara ni zaidi ya 1,100. Ndege ya jeti hutumia takriban saa moja na nusu. Ya mapangaboi huchelewa kidogo. Kabla hujalipa, uliza kama inakwenda moja kwa moja, maana zipo zinazopitia Kilimanjaro, na hapo safari hurefuka sana.

Sasa piga hesabu yote. Ikiruka saa nne kamili, mtatua saa tano na nusu. Kushuka na kusubiri mabegi, tayari saa sita na ushee. Halafu kuna barabara ya Nyerere hadi Upanga, iliko Muhimbili: siku njema ni nusu saa tu, siku ya foleni hata saa moja na nusu. Mtawahi, lakini ndege ikichelewa saa moja tu mmeumia. Mimi ningempeleka jana yake, alale, aamkie kliniki akiwa amepumzika.

Na tafadhali, omba kiti cha magurudumu mapema, wakati wa kukata tiketi. Ni mwendo mrefu kwa mtu mwenye magoti mabovu kama ulivyoeleza, na ngazi za ndege zinamsubiri.