Maswali ya Wasomaji: Ziwa la burudani na tuta lililozeeka

SWALI: Ndugu Mhandisi, mimi ni katibu wa chama cha wamiliki wa nyumba zinazozunguka ziwa dogo, lililotokana na tuta la udongo lililojengwa zaidi ya miaka 60 iliyopita. Tunalitumia kwa kuogelea, kuvua samaki kwa ndoana na kupiga makasia. Katika miaka ya karibuni, chini ya tuta upande usio na maji, ardhi imekuwa tepetepe na majani yamestawi hata wakati wa kiangazi. Wenzangu wanasema kwamba tuta lililosimama muda wote huo haliwezi kubomoka sasa, na kwamba miti mikubwa iliyoota juu yake inalishikilia kwa mizizi. Je, kuna la kuhofia?

JIBU: Ndugu Katibu, unyevu peke yake si ushahidi kwamba tuta linaharibika. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na lililojengwa vizuri huwa na tabaka la mchanga na kokoto linaloyapokea maji hayo na kuyatoa nje huku likiuzuia udongo usiondoke nayo. Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni kwamba unyevu huo haukuwapo zamani, kwa kuwa katika mabwawa ya namna hii badiliko dogo lina uzito kuliko kasoro kubwa ambayo imekuwa vilevile tangu tuta lilipojengwa.

Angalieni wingi wa maji na rangi yake. Maji maangavu yanayotoka kwa kiasi kilekile kila ziwa linapokuwa katika kimo kilekile yanahitaji kufuatiliwa tu. Maji yanayoongezeka ilhali ziwa halijapanda, au yanayotoka na tope na kuacha kirundo cha mchanga pale yanapochomoza, yana maana kwamba tuta linaliwa kutoka ndani. Mmomonyoko huo huanzia nyuma, mahali maji yanapotokea, ukarudi kidogo kidogo kuelekea ziwani huku ukichimba njia nyembamba ambayo hakuna anayeiona. Njia hiyo ikishafika ziwani, kinachobaki huhesabiwa kwa saa. Bwawa la Teton katika jimbo la Idaho, Marekani, lilibomoka hivyo tarehe 5 Juni 1976, likiwa bado linajazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi wafanyakazi waliona maji ya matope yakitoka kwenye tuta, na kabla ya saa sita mchana tuta lenye kimo cha zaidi ya mita 90 lilikuwa limekatika.

Kupima hakuhitaji mitambo. Chimbeni mfereji mfupi chini kabisa ya tuta, mahali pasipogusa mteremko wenyewe, ili maji yakusanyike sehemu moja. Kisha mtu yuleyule ayakinge kwa ndoo huku akitazama saa, walau mara moja kwa mwezi, na aandike pia kimo cha ziwa cha siku hiyo. Daftari la namna hiyo litamfaa mhandisi atakayekuja kuliko maelezo marefu ya wazee wa ziwa, hata wawe na kumbukumbu nzuri kiasi gani.

Kuhusu umri, wenzako wana nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba ujazo wa kwanza ni mtihani mkubwa, na tuta lililoupita limethibitisha jambo fulani. Lakini limelithibitisha kwa bomba lililokuwa jipya. Bomba la kutolea maji lililozikwa ndani ya tuta huliwa na kutu, maungio yake hulegea, na maji yanayovuja humo huuchukua udongo unaolizunguka. Bwawa la Lawn Lake katika milima ya Colorado lilijengwa mwaka 1903 na likabomoka tarehe 15 Julai 1982, likaua watu watatu. Uchunguzi ulionyesha kwamba madini ya risasi yaliyoziba kiungo kati ya bomba na vali yalikuwa yamechakaa. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, tafuteni mtu wa kupitisha kamera ndani ya bomba lenu.

Miti haishikilii tuta. Mzizi ukifa huoza na kuacha njia ya maji, na mti mkubwa ukiangushwa na upepo huondoka na pande la udongo. Zaidi ya hayo, kichaka huficha nyufa na mashimo ya wanyama wachimbao, ambayo mkaguzi angeyaona mara moja kwenye nyasi fupi. Hata hivyo msikimbilie kuikata yote wikiendi moja, kwa maana visiki vikiachwa vioze mtakuwa mmeharakisha tatizo lilelile. Michipukizi iondoeni sasa. Miti minene ing'olewe pamoja na mizizi yake mikuu chini ya usimamizi wa mhandisi, ziwa likiwa limeshushwa, na mashimo yajazwe udongo unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka.

SWALI: Tumeweka wavu wa chuma kwenye utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada, ili samaki tuliowapandikiza wasitoroke mvua zinapokuwa nyingi. Mkaguzi ametuagiza tuuondoe. Je, si kutia chumvi?

JIBU: Mkaguzi yuko sahihi kabisa. Tuta la udongo haliwezi kuvumilia maji kupita juu yake: yanaposhuka kwa kasi upande wa nyuma hung'oa nyasi, huchimba makorongo, na korongo moja likifika kileleni ziwa zima hupitia hapo. Wavu hukusanya matawi na majani saa ileile utoro unapohitajika zaidi.

Mfano wake ulitokea Marekani. Bwawa la South Fork huko Pennsylvania lilijengwa kwa ajili ya mfereji wa meli, baadaye likanunuliwa mwaka 1879 kwa ajili ya klabu ya uvuvi na uwindaji ya matajiri wa Pittsburgh. Mabomba ya kutolea maji yalikuwa yameondolewa na mmiliki aliyetangulia, na klabu haikuyarudisha. Kilele kilipunguzwa ili magari ya farasi yapite vizuri, na utoro ukawekewa wavu wa kuzuia samaki. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, utoro uliozibwa na takataka ulishindwa kupitisha maji, tuta likafurikiwa na kukatika, na watu 2,209 wakafa katika mji wa Johnstown na vitongoji vilivyokuwa chini ya bonde. Ukiyatazama makosa hayo moja moja, kila moja lilikuwa na sababu nzuri kwa mtu aliyekuja kupumzika. Ndiyo maana naona mabwawa ya burudani yana hatari ya pekee: watumiaji wake hutaka ziwa lijae daima, na wenye kuumia wanaishi chini yake, mbali na raha hiyo.

SWALI: Iwapo tutaona maji ya matope, tufungue bomba lote mara moja ili ziwa lishuke?

JIBU: Kwa ukarabati wa kawaida, hapana. Maji yakishuka haraka, udongo wa mteremko wa upande wa ziwa hubaki umelowa huku uzito wa maji uliokuwa ukiuegemeza umeondoka, na mteremko unaweza kuporomoka. Kipimo kinachotumiwa sana ni kutozidi sentimita 30 hivi kwa siku. Maji ya matope ni jambo jingine. Hapo piga simu ya dharura kwanza, watu wa chini ya bonde waondolewe, ndipo mfungue kila kinachofunguka, kwa kuwa mteremko ulioporomoka ndani ya ziwa linaloshuka ni hasara ndogo kuliko tuta lililokatika.

Mahali maji yanapochomoza msipazibe kwa udongo wa mfinyanzi wala saruji, kwa sababu yatatafuta njia nyingine usiyoijua. Mwageni mchanga, juu yake kokoto, kisha mawe, ili maji yaendelee kutoka na udongo ubaki. Fanyeni hivyo ikiwa tu mhandisi amesema ni salama kusimama hapo. Majina na namba za simu za kila kaya iliyo chini ya tuta ziandikwe sasa na kupitiwa upya kila mwaka, kwa kuwa nyumba hujengwa hata mahali palipokuwa malisho wakati tuta linajengwa.